Usiuze kwa Kilo Kitu Usichokijua

 

Juma hili tunaongea juu ya gari. Tena si gari la kubeba magunia ya mpunga. Ni gari la zamani la Marekani, lisilo na paa la chuma, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ili waliomo wapate upepo. Msicheke kwanza. Katika kikao kimoja cha akiba, mama mmoja alikuwa na picha ya gari la namna hiyo katika simu yake. Lilitengenezwa katika miaka ya 1960, likafanyiwa upya lote, na sasa linauzwa. Bei yake inapita ya gari jipya. Wamama wakauliza swali la akili: “Kwa nini huko chuma cha umri wa bibi kinauzwa ghali hivyo, na huku kwetu gari la marehemu baba linachukuliwa kwa bei ya kilo?”

Swali hili linagusa nyumba nyingi. Nyuma ya nyumba fulani kuna gari lililokufa. Kwingine kuna mashine ya kusaga, jenereta, au cherehani ya bibi iliyofunikwa kwa gunia. Siku moja mnunuzi wa vyuma vya zamani anaingia uani na mizani yake. Mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya deni, mama hana franki, basi anakubali bei ya kwanza. Tunataka mama ajue kinachopimwa kabla mizani haijaingia uani.

Gari la wazi si geni kwetu

Sisi Wakongo tunalijua gari la wazi hata kama hatujapanda. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 1960, siku za uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipitishwa katika barabara za Leopoldville akiwa amesimama ndani ya gari la wazi. Kijana mmoja, Ambroise Boimbo, alikimbia mpaka kwenye gari akaunyakua upanga wa mfalme. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, alikuwapo, na picha yake ilizunguka dunia. Gari la wazi ni gari la kuonekana: mkubwa anasimama ili watu wamwone.

Magari ya Marekani nayo hayakuwa mageni hapa wakati wa Wabelgiji. Kampuni ya Ford ilikuwa na kiwanda Antwerp, Ubelgiji, tangu mwaka 1922, na General Motors nayo ikafungua chake katika mji huohuo. Tena usukani wa gari la Marekani uko kushoto, na sisi tunaendesha upande wa kuume, kwa hiyo lilifaa barabara zetu bila kugeuzwa. Mengi yalikufa kwa matope na kwa kukosa vipande. Mengine yalikatwa. Machache yalibaki.

Mwalimu mmoja na gari lake la buluu

Sasa sikieni habari ya kweli kutoka Marekani. Tarehe 15 Aprili 1964, katika mji wa Chicago, binti mmoja wa miaka 22 alikwenda kununua gari. Alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya ualimu wa shule ya msingi, na fedha alikopeshwa na wazazi wake. Alitaka gari la wazi. Muuzaji alimpeleka chumba cha nyuma, akafunua turubai, akamwonyesha gari la buluu la aina mpya: Ford Mustang. Lilikuwa halijatangazwa bado. Siku ya kulitoa mbele ya watu ilikuwa tarehe 17 Aprili. Binti alilipenda palepale, akalinunua kwa dola kama 3,400, akaondoka nalo siku mbili kabla ya ulimwengu kulijua.

Akaolewa, akazaa watoto wanne. Gari lilitumika miaka kama 15. Kutu ikala sakafu, likaanza kuharibika mara kwa mara, na mwisho wa miaka ya 1970 likaingizwa katika banda la nyumbani. Mume wake alikuwa akisema atalitengeneza juma lijalo. Wamama, nadhani mnaijua hiyo “juma lijalo”! Ilidumu miaka kama 27. Mama mwenyewe alitaka litoke ili apate nafasi ya kuweka gari lake lingine. Mume akasema hiyo ndiyo kazi yake ya uzeeni.

Alipostaafu, akasoma kwamba kuna mtu anayejitangaza kuwa ndiye aliyenunua Mustang ya kwanza, tarehe 16 Aprili. Mke wake alikuwa bado na karatasi ya mauzo, na karatasi ilisema tarehe 15. Hapo chuma kilichokuwa kinachukua nafasi kikawa gari la kwanza la aina hiyo linalojulikana kuuzwa kwa mnunuzi huko Marekani. Wakalifanyia upya. Watu wanaojua magari ya zamani wakalikadiria kwa mamia ya maelfu ya dola.

Tuangalie vizuri kilichopandisha bei. Mustang zilizopakwa rangi nzuri ni nyingi. Hili lilipanda kwa sababu mama alitunza karatasi. Kama angaliitupa alipokuwa akifagia, gari lingekuwa zuri tu kama mengine.

Kuna na jingine. Gari lenye namba ya kwanza kabisa ya kiwandani, la wazi pia, jeupe, liliuzwa kwa rubani mmoja wa Kanada. Kampuni ilipotambua namba hiyo ilimwendea ikampa gari jipya ili alirudishe. Leo liko katika makumbusho ya Henry Ford, mji wa Dearborn. Namba iliyogongwa katika chuma iliwafanya wenye kiwanda wakitafute kitu walichokwisha kukiuza.

Mambo manne yanayofanya bei

Tukisoma tangazo la gari lililofanyiwa upya, tutaona mwuzaji mwenye akili anaeleza mambo manne.

La kwanza ni aina yenyewe na wingi wake. Mustang za toleo la kwanza zilikuwa kama 680,000, na za wazi zilikuwa kama moja katika kila saba. Zilizo chache zinatafutwa zaidi. Ndiyo maana wadanganyifu wanakata paa la gari la kawaida na kuliita gari la wazi. Lakini namba inawashtaki: katika namba za Mustang hizo, 07 ni gari la paa la chuma, na 08 ni gari lililozaliwa wazi. Anayejua kusoma namba hadanganywi na msumeno.

La pili ni ukamilifu. Gari lililokufa lakini lina injini yake, milango yake, taa zake na viti vyake lina bei kuliko lililonyofolewa. Kwetu ni kinyume. Gari likifa tu, kiti kinakuwa cha barazani, mlango unafunika shimo la choo, taa anazichukua kijana wa pikipiki, redio haijulikani imekwenda wapi. Kila tunachonyofoa bila kuandika ni fedha inayotoka mfukoni.

La tatu ni kazi. Kufanya gari upya si kupaka rangi. Mafundi wanalifungua kipande kwa kipande na kuweka alama. Wanaondoa kutu, wanakata bati lililooza na kuchomelea jipya. Wanatengeneza breki, nyaya, viti na turubai, ndipo rangi inakuja mwishoni. Gari zima linaweza kula saa zaidi ya 1,000 za kazi. Fundi akifanya saa 8 kwa siku, siku 6 kwa juma, hiyo ni karibu miezi mitano bila kugusa kazi nyingine. Anayelipa bei kubwa ananunua miezi hiyo ya mikono ya watu. Na tuseme ukweli: mara nyingi gharama ya kazi inapita bei ambayo gari litauzwa. Wengi wanafanya kwa upendo, hawapati faida.

La nne ni karatasi: ya mauzo, ya serikali inayotaja mwenye gari, za vipande vilivyonunuliwa, na picha za kazi tangu kutu mpaka rangi. Bila hizo mwuzaji anaomba tu aaminiwe.

Na letu la nyuma ya nyumba?

Hatutaki kuwadanganya. Magari mengi yaliyolala katika ua zetu si hazina ya makumbusho. Ni pikapu na malori yaliyofanya kazi mpaka mwisho. Hakuna Mmarekani atakayevuka Lualaba kwa ajili yake. Lakini hata gari la namna hiyo halistahili kuuzwa lote kwa kilo, maana yule anayelinunua kwa kilo haliuzi kwa kilo.

Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aulize sokoni kwake. Tuseme gari lina kilo 1,200 na mnunuzi anatoa franki 500 kwa kilo. Jumla ni franki 600,000. Sasa tuseme fundi wa mjini anaihitaji injini na kuilipa 400,000. Mwingine anachukua sanduku la gia kwa 250,000. Magurudumu manne ya chuma yanauzwa 50,000 kila moja, yaani 200,000. Tumekwisha kufika 850,000, na mabati na shasi bado vipo vinangoja mizani. Zile chuma za kupinda zilizo juu ya ekseli, mhunzi anazipenda kwa panga na visu, kwa kuwa ni chuma kigumu. Mama aliyeziuza kwa kilo atakuja kununua panga lililofuliwa kwazo kwa bei ya panga.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, mwite fundi asiye rafiki wa mnunuzi. Mlipe kidogo kwa ajili ya kuangalia. Mwulize: ni nini hapa kinachoweza kufanya kazi tena? Ni nini kinachotafutwa? Andika majibu yake. Ada hiyo ndogo inaweza kukuokolea karo ya mwaka mzima.

Na upande wa pili pia kuna hatari, bei ya uvumi. Mwaka 2009 kule Saudi Arabia ilienea habari kwamba ndani ya cherehani za zamani za Singer kuna “zebaki nyekundu” yenye thamani kuliko dhahabu, na kwamba simu ya mkononi inaweza kuitambua. Watu walilipa fedha za kutisha kwa cherehani za bibi zao. Polisi walieleza kwamba ni ulaghai tu. Cherehani ni cherehani: thamani yake ni kushona. Akija mtu na kukuambia kwamba kitu chako kina siri ya mamilioni, lakini kwanza umpe fedha kidogo za safari au za kipimo, mfungulie mlango wa kutokea.

Ukiwa mnunuzi, angalia chini

Vikundi vingine vimekusanya akiba na vinafikiri kununua gari lililotumika, ili mafuta ya mawese, mpunga na karanga visisukumwe tena kwa baiskeli siku nyingi. Ni wazo jema. Lakini gari lililopakwa rangi juzi linaweza kuwa bibi arusi leo na mgonjwa kesho. Hapa gari la wazi linatufundisha vizuri kuliko mengine.

Katika gari la kawaida, paa linasaidia kulishikilia gari lote, kama mwamba unavyoshikilia kuta za nyumba. Ukiliondoa, gari linataka kupinda katikati. Kwa hiyo viwanda vinaongeza chuma upande wa chini wa gari la wazi. Kutu ikila chuma hicho, juu litameta, lakini linapinda. Mashahidi wa kwanza ni milango. Ifungue na kuifunga gari likiwa chini, kisha gari likiwa limeinuliwa. Mlango ukikwama au nafasi yake ikibadilika, ugonjwa uko chini. Jaribu hilo katika gari lolote, hasa lile ambalo mtu amelikata paa ili lipakie zaidi.

Shahidi wa pili ni sumaku. Chukua ile ya spika ya redio iliyokufa, ifunge katika kitambaa laini usikwaruze, uipitishe polepole juu ya bati. Inaposhika pana chuma. Inapoteleza chini ya rangi nzuri, huenda kuna tundu la kutu lililojazwa mastiki. Shahidi wa tatu ni sakafu: inua zulia, gusa, nusa. Maji yaliyolala yana harufu. Shahidi wa nne ni namba ya shasi. Ilinganishe na ile iliyo katika karte roze, tarakimu kwa tarakimu. Namba ikiwa imekwaruzwa au haifanani, rudisheni fedha katika sanduku la kikundi, mwende nyumbani.

Huko Nairobi kuna mashindano ya magari yaliyotunzwa, yaitwayo Concours d'Elegance, yanayofanywa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Waamuzi hawaridhiki na rangi. Wanachungulia ndani ya injini na chini ya gari. Kama watu wanaoshindania vikombe wanachungulia chini, je, sisi tunaonunua kwa akiba ya wamama 20 tutasimama mbele tukijitazama katika rangi?

Na je, gari la wazi lenyewe lingetufaa? Hapana, na hatuoni haya kusema. Liko chini, linakunywa mafuta, na turubai lake halikufanywa kwa mvua za Maniema. Ni la arusi na maandamano katika mji wenye lami. Uzuri wa kitu haumaanishi kwamba ni chetu.

Nani ana haki ya kuuza?

Tumefika mahali pagumu. Mara nyingi si mama anayeuza gari la marehemu. Matanga hayajakwisha, ndugu za marehemu wanakaa chini ya mwembe, na kesho yake gari, mashine na mabati vimekwisha kuondoka. Mama anaambiwa: “Wewe ulikuja na nguo zako tu.”

Wamama, sheria ya nchi yetu haisemi hivyo. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza. Wao wanapata robo tatu za urithi. Katika kundi la pili, linalogawana robo iliyobaki, kuna mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Ndugu wana sehemu yao katika kundi hilo la pili, pamoja na wewe mjane. Hawana haki ya kuondoka na vyote, wala ya kuwatangulia watoto.

Tena, kabla ya kugawa urithi, ni lazima kujua mali ya marehemu ilikuwa ipi. Mume na mke wasipochagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, mali waliyoichuma pamoja katika ndoa ni ya wote wawili. Gari lililonunuliwa katika ndoa, kwa mauzo ya mpunga mliolima wote, halikuwa lake peke yake. Sehemu yako wewe hairithiwi na mtu, maana hujafa.

Lakini sheria inamsaidia mwenye ushahidi. Ndoa isiyoandikishwa kwa serikali inampa mjane shida kubwa. Basi mlioozwa kwa mila tu, nendeni na waume zenu mkaandikishe ndoa wangali hai, mandikishe na watoto. Na mkinunua kitu kikubwa, jina la mke liandikwe pia katika karatasi ya mauzo. Si kumtakia mume kifo. Baba anayependa watoto wake hatakataa kuwaandikia kinga.

Kukitokea ugomvi, msipigane uani. Mwite mkubwa wa ukoo anayesikilizwa, na mtu wa kanisa au wa msikiti, mweleze mbele ya mashahidi. Ikishindikana, kuna mahakama ya amani. Nenda na karatasi zako, na usiende peke yako. Umoja wa wamama ni kwa ajili ya siku kama hizo.

Kitu kinapongoja

Gari linalongoja kuuzwa lisiwe shimo la hatari. Funga milango yake ili watoto wasijifungie ndani kwenye jua kali. Toa betri, kwa sababu maji yake yanaunguza na risasi yake ni sumu, tena usiiache ipasuliwe jikoni. Mwaga maji yaliyotuama katika magurudumu, maana mbu wanazaa humo. Na usiruhusu vijana wachome nyaya ili wapate shaba: moshi huo unaingia katika vifua vya watoto wetu. Lifunike juu, liinue kidogo kutoka udongoni kwa mawe imara, na usiache kipande kitoke bila kuandikwa.

Kazi ya juma hili

Tunawapa kazi ndogo, ya jioni moja tu. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andika vitu vikubwa vya nyumba: baiskeli, pikipiki, cherehani, mashine, gari kama lipo, hata lililokufa. Kwa kila kimoja andika kilinunuliwa mwaka gani, kwa nani, kwa fedha gani, na namba iliyogongwa juu yake. Asiyejua kuandika amwite mwanawe wa shule, wafanye pamoja, na mtoto atajifunza mali ya nyumba yake.

Kisha tafuta karatasi zote, katika kabati, chini ya godoro, ndani ya Biblia au Kurani, ziweke pamoja katika mfuko wa plastiki, na mfuko katika mkebe wenye kifuniko. Mchwa wa kwetu hawajui kusoma, wanakula karte roze kama wanavyokula gazeti. Mwenye simu apige picha za karatasi hizo na za namba, amtumie dada yake au mwenzake wa kikundi, ili mkebe ukipotea ushahidi usipotee.

Mwisho, mwonyeshe mume wako ulichofanya, na mwongee bila siri. Daftari hili si la kumvizia mtu. Ni la siku ambayo mmoja wenu hayupo, na mtu amesimama uani na mizani.

Katika kikao kijacho, kila kikundi kiulize ni wamama wangapi wamemaliza daftari lao. Wenye shida ya kuandikisha ndoa au watoto wamwambie mama rais wa kikundi, tutafuatana nao mpaka ofisini. Mbakie na amani, na juma lijalo tukutane hapahapa.